Rudi kwa yule mzee

Mwanangu Salim,

Simu yako ya jana niliisikiliza yote, pamoja na misonyo. Umesafiri saa mbili hadi kwa yule mzee mpiga saksafoni, naye badala ya kukuonyesha vidole akakuuliza unasoma kitabu gani na babu yako alikuwa na kazi gani. Unaona amekupotezea siku.

Huko Detroit, Marekani, miaka ya 1950, kijana mmoja aitwaye Charles McPherson alikuwa anajifunza saksafoni. Akitoka shule hupitia kwa jirani yake, mpiga piano Barry Harris. Siku moja Harris akaomba kuona ripoti yake ya shule. C tupu. Akamwambia, kwa maana hiyo wewe ni mtu wa wastani. Lakini hao unaowahusudu, akina Charlie Parker mpiga saksafoni, si watu wa wastani, na muziki huu wa jazi unataka kichwa. Hapakupigwa noti hata moja. Kijana alirudi nyumbani akashika vitabu, na kisa hicho amekisimulia mpaka uzeeni. Harris naye alifundisha hadi alipofariki mwaka 2021, akiwa na miaka 91. Korona ilipofunga madarasa alihamia kwenye kompyuta.

Sisemi kila mwenye mvi asikilizwe. Clark Terry, mpiga tarumbeta wa jazi, akiwa mtoto huko St. Louis, Marekani, alimuuliza mpiga tarumbeta mmoja mkubwa namna ya kupata sauti nzuri za chini. Akaambiwa akae mbele ya kioo achezeshe sikio la kushoto. Maskini, akaenda akajaribu! Nadhani yule bwana alikuwa analinda ugali wake. Terry aliapa hatamfanyia mtoto yeyote hivyo, na ndiyo maana kule Seattle, akiwa ametoka kupiga usiku kucha, alimfundisha kijana Quincy Jones, aliyekuja kuwa mtayarishaji mkubwa wa muziki, alfajiri kabla hajaenda shule.

Sasa wewe, nani kakuambia uchezeshe sikio? Umeulizwa unasoma nini, ukakosa jibu, ukakasirika.

Rudi Jumamosi. Simu iache mfukoni. Ile ya kuiweka mezani inarekodi tangu salamu, hata mimi ningejifunga mdomo. Muulize nani alimpa saksafoni yake ya kwanza, kisha usimkatize, hata akizunguka.

Mama yako amekufungia nusu kilo ya kahawa ya Bukoba. Robo ni yako, robo ya mzee. Usiinywe yote.

Baba yako