Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu wanachama wa chama chetu cha watafiti,

Nawashukuru mliofika, hasa mliofika kwa wakati. Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Tulifanya vikao 9 vya usomaji kati ya 12 vilivyopangwa, mafunzo 2 ya uchambuzi wa takwimu, na toleo 1 la jarida. Tulisoma Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, iliyotoka Mei, ambayo safari hii ilihusu akili unde. Oktoba tukapitia hesabu mpya ya umaskini wa nyanja nyingi, yaani unaopimwa kwa afya, elimu na hali ya maisha badala ya kipato: maskini ni watu bilioni 1.1 kati ya bilioni 6.3 katika nchi 109. Mengine yamo kwenye kumbukumbu za Katibu.

Sasa jarida. Najua wengi ndilo lililowaleta.

Mwanzoni mwa Juni nilikuwa na nakala ya kusahihisha mezani. Jedwali la tatu lilisema kuwa mwaka 2022 watu milioni 713 duniani waliishi katika umaskini uliokithiri. Wiki hiyohiyo Benki ya Dunia ikauhamisha mstari wa umaskini, yaani kiwango ambacho anayeishi chini yake huhesabiwa maskini wa kupindukia, kutoka dola 2.15 kwa siku hadi dola 3.00, na hesabu ya mwaka uleule wa 2022 ikawa milioni 838. Nikashika kalamu nyekundu, nikakata 713, nikampigia simu mchapaji asimamishe kazi. Ndiyo, nilifanya hivyo kabla ya kuitisha kamati. Mchapaji alikuwa anaanza asubuhi ya kesho yake. Kamati yetu hukutana, ikikutana, baada ya wiki tatu za kubembelezana.

Jarida likatoka Oktoba badala ya Julai, majedwali 6 yakapangwa upya, akiba ikaguswa. Lawama nimezisikia, nyingine kwa mlango wa nyuma. Mwenzetu mmoja ameandika kwamba mwenyekiti "ameongeza maskini milioni 125 kwa kalamu". Hili naomba nilijibu kwa kituo.

Hakuna aliyefukarika usiku ule. Mstari huo hupatikana kwa kupanga mistari ya umaskini ya nchi za kipato cha chini na kuuchukua ulio katikati. Umekuwa ukipanda tangu enzi ya dola moja kwa siku: 1.25 mwaka 2008, 1.90 mwaka 2015, 2.15 mwaka 2022. Safari hii haukusukumwa na bei peke yake. Nchi kadhaa zilikuwa zimeboresha namna ya kuhoji kaya kuhusu matumizi yao, na mistari yao wenyewe ikapanda. Tena takwimu mpya za India zilivuta hesabu chini. Bila hizo ongezeko lingekuwa kubwa zaidi.

Wapo waliosema maelezo mafupi chini ya jedwali yangetosha. Hata mimi niliwaza hivyo kwa muda. Lakini mstari ukihama, miaka yote ya nyuma huhesabiwa upya. Ukiiacha 1990 kwa kipimo cha zamani na kuiweka 2022 kwa kipimo kipya, umaskini utaonekana umepungua kidogo kuliko ulivyopungua kweli. Chama cha watafiti hakiwezi kuchapa kitu kama hicho na kutegemea wasomaji wasione. Angalau si mimi nikiwa mwenyekiti.

Kosa moja nalikubali: sikuwaandikia barua. Nilituma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, na waliousoma ni walewale wanaosoma siku zote.

Mahudhurio yananisikitisha. Vile vikao 3 vilivyokosekana vilikufa kwa kukosa akidi. Kile cha kipimo cha Gini, kinachoonyesha ukosefu wa usawa wa kipato, nilichokiandaa mwenyewe kwa wiki mbili, tulipanga viti 40 wakaja watu 7, na mmoja wao nilimwona ameinama chini ya meza akitafuta pa kuchajia simu.

Kuhusu ada, Mweka Hazina atawaambia kuwa kwa wastani kila mwanachama amelipa miezi mitano na nusu. Msifurahi. Kati ya wanachama 62, waliolipa mwaka mzima ni 26, waliolipa nusu mwaka ni 5, na 31 hawajatoa hata mwezi mmoja. Wastani huficha, ndiyo maana tangu 2010 UNDP huchapisha pia fahirisi ya maendeleo ya binadamu (kipimo cha afya, elimu na kipato) iliyokatwa kwa kadiri ya ukosefu wa usawa. Yetu ikikatwa hivyo, sijui itabaki nini.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kuwa na tovuti, kutafuta wafadhili na, hali ikiruhusu, kutoa toleo la pili la jarida. Kamati italiangalia hilo.

Orodha ya wadaiwa imebandikwa mlangoni. Kwa wanaonong'ona, jina langu halimo, na stakabadhi zangu 12 ninazo hapa mkobani.