Bustani ya Jangwani isitusahaulishe viwanja vya mitaani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu mahali pa kuchezea watoto wetu.

Sisi wa Magomeni tunaijua Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi. Mvua zikikolea, Barabara ya Morogoro hufungwa na mabasi ya mwendokasi hukatisha safari. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini Dar es Salaam, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Kwa hiyo nilifurahi kusikia kwamba Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 za Marekani mwaka 2022, pamoja na daraja jipya utatengeneza bustani ya jiji hapo Jangwani. Mto unahitaji pa kutanukia. Uwanja wa mpira ukifunikwa na maji siku tatu, watu watakwangua tope na kucheza tena. Nyumba ya mtu haiko hivyo.

Hofu yangu ni kwamba tutaihesabu bustani hiyo moja na kusema kazi imekwisha. Mtoto wa Mbagala au Gongo la Mboto hatapanda daladala mbili kwenda kubembea Jangwani. Mtoto wa miaka saba hucheza pale anapofika kwa miguu, na mama yake akiita anasikia.

Mtaani kwetu eneo la wazi lilikuwepo, kwenye ramani limechorwa. Leo lina fremu za maduka na gereji ya pikipiki. Watoto wanacheza chandimu barabarani, magoli ni tofali mbili huku na mbili kule. Bajaji ikitokea, mmoja anapiga kelele "Gari!", mwenye mpira anaukumbatia, wote wanabana ukutani, halafu wanaanza upya. Jioni moja nilikaa kibarazani nikahesabu: kabla ya adhana ya magharibi walisimama mara 11. Wakubwa nao hawana pa kwenda. Jumamosi alfajiri vikundi vya jogging vinakimbia katikati ya barabara vikiimba, magari yakiwa nyuma yao.

Tuitazame Mnazi Mmoja, uwanja wa wazi kando ya Kariakoo. Waingereza waliliacha eneo lile wazi ili kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na Wahindi wa Uhindini. Nia ilikuwa ya kibaguzi, na sitaipamba. Ila kwa kuwa ardhi iliachwa mapema, mpaka leo Kariakoo, pamoja na msongamano wake wote, ina pa kupumulia. Sasa hivi huko Chanika, Kivule na Goba watu wanauziana viwanja kwa kupima hatua za miguu, na wanaouza hawaachi hata pa kupanda mwembe wa watu wote. Pale ndipo halmashauri inapaswa kuwahi, ilipe fidia ya haki na kuchukua ardhi kabla haijajengwa. Baadaye itabidi kubomoa, na kubomoa kuna machozi.

Kwa maeneo ya wazi yaliyobaki, naomba kila moja liwekewe bikoni, lipewe hati kwa jina la halmashauri, na ramani yake ibandikwe nje ya ofisi ya serikali ya mtaa, mkazi yeyote aione. Ipandwe miti ya kivuli kabla ya kununua bembea za rangi, maana chuma kilichopigwa na jua la saa nane hakikaliki. Kuwe na maji, choo na taa, la sivyo akina mama hawatakanyaga. Na litengwe fungu la matunzo kila mwaka. Kiingilio kisiwepo, Jangwani wala mitaani: mzazi mwenye watoto wanne akidaiwa shilingi elfu moja kwa kila kichwa, atawarudisha barabarani.

Wataalamu wa mradi nawaomba waje Kigogo na Magomeni saa kumi na moja jioni, watoto wakishatoka shule, waone wanachezea wapi.

Mkazi wa Magomeni,
Dar es Salaam