Shosti, hilo gauni linaenda wapi akigeuka bundi?

Shosti wangu,

Uko poa? Mie mzima, macho tu ndo mekundu maana nimekesha na zile sura 4 za riwaya yako ulizonitumia. Nimezipenda kweli, ila kuna kitu kimenikaa rohoni na nisipokisema sitalala na leo. Huyu binti wako anageuka bundi, sawa. Anaruka usiku anaingia ngomeni, sawa. Anatua chumbani kwa mfalme, anarudi kuwa mtu, na hapohapo ana gauni, mkanda, viatu na funguo zinaning'inia kiunoni. Sasa hivyo vyote vilikuwa wapi wakati ana mabawa?

Najua utanijibu "ni uchawi bana, acha ubishi". Na una haki yako kidogo, maana ukiangalia vizuri gauni wala sio shida kubwa, mtu wa kilo 60 kawa ndege wa kilo 2, kilo 58 zimeyeyukia hewani na hakuna anayeuliza. Msomaji anazimeza kilo 58 bila maji afu anakabwa na kifungo cha gauni! Mie naona sababu ni kwamba hakuna aliyewahi kuona mwili unavyogeuka kwahiyo hapo tunakuachia wewe mwandishi useme utakalo, ila kuvaa na kuvua kila mtu anakujua, na aibu ya kukutwa uchi kila mtu anaijua pia. Kwenye nguo wote ni mafundi, humdanganyi mtu.

Lakini gauni ningekusamehe. Funguo hapana. Kama akigeuka anaenda na chochote kilicho mwilini basi binti yako ni ghala linaloruka, kwanini asibebe upanga, asibebe kamba, asimfunge yule mtoto mgongoni kwa kanga akageuka nae wakatoka wote dirishani? Sura nzima ya 3 wanahangaika kumtorosha mtoto na jibu analo mgongoni. Gemu la Dungeons & Dragons limekutana na hili, kwenye kanuni zao za 2014 druidi (mchawi wa maporini) akijigeuza mnyama anachagua, vitu vyake vidondoke chini, au viyeyuke ndani ya mwili mpya, au avivae kama vinamkaa, ila vikishayeyuka ndani havifanyi kazi yoyote mpaka arudi utu wake. Kwa gemu inatosha. Kwa hadithi naona ni ukarani tu, inaziba tundu bila kukupa kisa.

Zile hadithi za Animorphs zilizoanza 1996 zilifanya vizuri zaidi, vijana wale wanageuka wanyama, ila wanaweza kugeuka na nguo za kubana ngozi tu, koti halikubali, viatu havikubali, kwahiyo kila wakirudi kuwa watu wako peku. Kitu kidogo sana lakini kinauma mahali sahihi, umetoka kupigania dunia nzima afu unarudi nyumbani unakanyaga changarawe. (Hulk, lile jitu la kijani la vibonzo, simhesabu, tangu 1962 shati linachanika suruali inabaki, ile ni heshima tu za wachoraji.)

Sasa nikuambie walionishika hasa, wale wa zamani, ambao wengi tunadhani walikuwa hawajali mambo haya. Wapi! Kuna kisa cha Kirumi cha karne ya 1, cha mwandishi Petronius, jamaa anasafiri usiku na askari, mbalamwezi, wanafika makaburini. Askari anavua nguo zote anaziweka kando ya njia, anazikojolea kuzizunguka, anageuka mbwamwitu anatokomea msituni. Jamaa anaenda kuziokota zile nguo anakuta zimekuwa mawe. Mawe shosti! Yaani mtu kafikiria kabisa kwamba ukiacha nguo njiani zitaibiwa, akaweka ulinzi. Baadae yule mbwamwitu anachomwa mkuki shingoni, na askari anakutwa kitandani daktari anamtibu shingo. Kwahiyo jeraha linavuka kutoka mwili mmoja kwenda mwingine, nguo haivuki. Hiyo ni sheria kamili na hakuna mahali imeelezwa, unaiona tu inavyofanya kazi.

Afu kuna Bisclavret, kisa alichokiandika Marie de France karne ya 12, na hiki naomba ukisome kabla hujagusa sura ya 5. Bwana mmoja mwenye cheo anapotea siku 3 kila wiki, mkewe anambembeleza mpaka anakiri kwamba anageuka mbwamwitu. Unajua mke anauliza nini hapo? Hapigi yowe. Anauliza, ukiwa hivyo unakuwa umevaa au uko uchi? Swali letu lilelile, linaulizwa na mke chumbani miaka zaidi ya 800 iliyopita. Mume anajibu uchi, mke anauliza nguo unaziacha wapi, na hapo mume anagoma kabisa maana akizipoteza ndo basi, hatorudi kuwa mtu. Mwishoe anasema, ziko kwenye jiwe lenye shimo, chini ya kichaka karibu na kanisa kuukuu. Mke anamtuma mwanaume mwingine aliyekuwa akimpenda yeye mke siku nyingi, zinachukuliwa, mume anabaki porini. Na mwisho zikirudishwa mbele ya mfalme yule mbwamwitu hazigusi, anaona haya kuvaa mbele za watu, mpaka wamfungie chumbani peke yake. Haya ya mnyama jamani, hapo niliweka simu chini.

Umeona lakini? Nguo ndo mlango wa kurudia, na anayeshika nguo zako kakushika wewe. Wale wanawake sili (mnyama wa baharini) wa hadithi za visiwa vya Orkney na Shetland huko Uskoti ni hivyohivyo, mwanamke akivua ngozi yake ya sili na mwanaume akaificha, basi ameoa.

Kitu kingine cha kuamua ni mwili unaishia wapi. Nywele zinageuka, kucha zinageuka, je jino la bandia? Hereni? Ethiopia kulikuwa na imani kwamba wahunzi fulani wanageuka fisi, na Mwingereza Nathaniel Pearce aliyekaa huko mwanzoni mwa karne ya 19 aliandika kuhusu fisi waliokutwa na hereni za dhahabu masikioni. Nilivyosoma hilo nikamwaza binti yako na ile pete ya ndoa. Fanya hivi, pete ivuke nae kila akigeuka, bundi ana kipete mguuni, mpaka siku ile atakayogombana na mumewe ukifika sura ya 7, anageuka anasikia kitu kinagonga sakafu. Usieleze chochote, acha mume aiokote.

Gauni lenyewe libaki chini ya ule mti nje ya ngome. Atue kwa mfalme hana kitu, ajifunike pazia, ajadiliane na mfalme akiwa ndani ya pazia, tuone kiburi chake chote kile atakipeleka wapi. Na funguo aziibe humohumo ndani, usimpe za bure.

Na yule mlinzi unayetaka kumuua mwisho wa sura ya 4, muache kwanza. Ndo anapita chini ya mti alfajiri na taa yake.

Nitumie ukishaandika, hata kama ni saa nane usiku.

Wako,
shosti mbishi