Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Jina la Kwanza Kwenye Karatasi ya Kura

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kuzikana,

Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Mimi niseme tu kwamba rambirambi zote za mwaka huu zilifika kabla ya maziko, turubai lililochanika limeshonwa, na viti bado havitoshi.

Muda wangu nautaka kwa jambo moja. Uchaguzi uliopita katibu alipanga majina ya wagombea kwa alfabeti, kwa nia njema kabisa. Jina langu linaanza na A. Nilikaa juu ya karatasi, nikashinda kwa kura chache. Baadaye mzee mmoja wa hapa hapa Mbagala akanitania: "Mwanangu, wala sikukujua. Jua kali, foleni ndefu, nikatia vema kwa wa kwanza." Tulicheka sote, ila mimi kicheko kilinikwama.

Nikatafuta kusoma. Jimbo la Ohio, Marekani, huzungusha majina: kituo hiki anaanza huyu, kile anaanza yule. Ndiyo maana wataalamu Miller na Krosnick waliweza kupima. Walichunguza nafasi 118 zilizogombewa mwaka 1992, wakakuta karibu nusu yake mpangilio uligusa kura, na mara nyingi aliyenufaika ni wa kwanza, kwa wastani wa asilimia 2.5. Athari ilizidi pale karatasi isipoonyesha chama cha mgombea na wapigakura wasipomfahamu vizuri. Uchaguzi mkuu wetu wa nchi mgombea hudhaminiwa na chama cha siasa, hata asiyemjua mtu anaijua bendera. Sisi wa kuzikana hatuna bendera. Tuna majina tu, na wanachama wapya wengi hawajui sura zetu.

Australia nako, mwaka 1937, chama cha Labor kilisimamisha wagombea wanne wa Seneti huko New South Wales: Amour, Armstrong, Arthur na Ashley. Wote A, wote wakapita! Baadaye mpangilio ukaanza kuamuliwa kwa bahati nasibu.

Kamati ilijadili hiyo bahati nasibu. Mimi siitaki. Inamwondolea upendeleo mwenye A na kumpa mwingine, basi. Napendekeza tuzungushe: wagombea wakiwa sita, tuchape karatasi za aina sita kwa idadi sawa, kila jina lianze kwenye aina moja, kisha zichanganywe kabla ya kugawiwa. Mwenye steshenari anasema bei ya kuchapa ni ileile. Katibu anapinga, anasema kuhesabu kutachelewa kwa kuwa msimamizi atalazimika kusoma jina badala ya kuangalia mstari. Ana haki, tutachelewa.

Hoja hii ataiendesha makamu, kwa kunyoosha mikono. Mimi nitakuwa nimekaa nyuma.