Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti, umoja wetu wa watu wa maabara Moshi

Ndugu wanachama habari zenu, wa mjini, Hai, Rombo, Mwanga na Same. Vikao vimefanyika, rambirambi tumetoa, wagonjwa tumewatembelea, haya mnayajua.

Nije kwenye hela ya sherehe maana maneno yamekua mengi. Laki 7 zilienda kwenye semina ya kulinganisha vipimo vya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, wazo lilikua langu na kamati ikapitisha, sio kwamba nimeamua peke yangu. Kuna wanaosema bora tungekula nyama. Jamani, mkoa wetu ndo ulianza kujaribiwa chanjo ya HPV 2014 kabla ya nchi nzima 2018, alafu sisi wa maabara mama akituuliza kipimo chake kina maana gani tubaki tunaangaliana?

Waliokuja walijionea. Hybrid Capture 2, moja ya vipimo hivyo, inashika aina 13 hatari za kirusi ila inajibu kwa jumla tu, ipo au haipo, na saa nyingine inadaka hata zisizo hatari. Cobas, kipimo kingine, inakutolea aina ya 16 peke yake na ya 18 peke yake, hizo mbili ndo zinaleta kama asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi, zile 12 zilizobaki inaziweka fungu moja. Stripu, yaani vipande vyembamba vya kipimo cha Linear Array, zinatofautisha aina 37, unasoma vimstari kimoja kimoja kwa macho, sasa aina ya 52 haina mstari wake, inashea na 33, 35 na 58, kwahiyo ukikuta 33 ipo basi 52 huwezi kuapa. Hapo watu walibishana mpaka chai ikapoa na mimi nilifurahi sana.

Msimamo wangu haujabadilika, stripu ni nzuri kwa utafiti ila mama aliyeshuka na hiace kutoka Rombo anafaa kipimo cha Xpert, kama saa moja majibu yametoka, na mashine ni ileile ya TB tuliyoizoea. Aliyeuliza kuhusu aina ya 35 alikua na hoja maana kwa wanawake wa Afrika inaonekana zaidi kwenye saratani, na Xpert inaiweka fungu moja na 31, 33, 52 na 58.

Kinachoniuma ni mahudhurio. Wanachama 58, semina tulikua 19, tena wanaolalamika zaidi hawakuja. Ada wamelipa 23 tu, 690,000, salio la nyuma 412,000, semina 700,000, rambirambi na mengineyo 188,000, imebaki 214,000.

Mwakani Mungu akijalia tufanye semina ya akina mama kujichukulia sampuli wenyewe, tukipata mfadhili. Ada mpelekeeni mhazini, risiti anazo.