Feri za Ugiriki zinachakaa, abiria ndio wanaoumia

Ndugu Mhariri,

Sisi tunaoishi Piraeus tumeshazoea tangazo la "hitilafu ya mitambo". Feri kadhaa za hapa ni mitumba ya Japani. Ukipita ngazini bado unaona maandishi ya Kijapani chini ya rangi mpya. Juzi niliyokuwa nipande ilikwama kwa sababu mlango wa kupakia magari uligoma, mafundi wakaugongagonga kwa nyundo huku malori ya mboga yakiungua juani.

Uzee wa meli haunitishi, mradi itunzwe. Kinachoniudhi ni kuikimbiza kiangazi kizima bila kuipumzisha, wala meli ya akiba hakuna. Ikiharibika moja, visiwa kadhaa vinakosa usafiri.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1177 ya 2010 iko wazi: safari ikichelewa kuondoka zaidi ya dakika 90, abiria achague kurudishiwa nauli au kusafirishwa kwa njia nyingine, na apewe chakula kama kinapatikana. Sisi tuligawiwa maji, tena ya uvuguvugu. Nauli hakuna aliyeitaja mpaka tulipouliza. Kampuni zibandike haki hizo pale kaunta, kwa herufi kubwa.

Msomaji wako,
Piraeus, Ugiriki