Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Mwaka huu klabu yetu imejifunza kazi za Profesa Robert Crane, mwanabaiokemia wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1919 na kufariki mwaka 2010. Tulimchagua kwa sababu elimu yake imo katika kila pakiti ya ORS, yaani mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kunywa kwa anayeharisha, inayotolewa kwenye zahanati zetu, ingawa jina lake halitajwi.

Mheshimiwa, baada ya kupata shahada ya uzamivu Harvard mwaka 1950, Crane alifanya kazi Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, katika idara ya Carl Cori, mshindi wa Tuzo ya Nobel. Huko alichunguza kwa miaka mingi namna glukosi, aina ya sukari, inavyofyonzwa na utumbo mwembamba, hata pale inapokuwa nyingi zaidi ndani ya seli kuliko nje. Wengi waliamini kwamba lazima kwanza iunganishwe na fosfeti, kemikali yenye fosforasi. Yeye na wenzake wakaonyesha kuwa hata sukari zisizoweza kuunganishwa hivyo hufyonzwa. Agosti 1960, mkutanoni Prague, alieleza kwamba glukosi haiingii peke yake, bali hupita mlango mmoja na sodiamu, ile iliyomo katika chumvi ya jikoni, na mteremko wa sodiamu, yaani tofauti ya wingi wake nje na ndani ya seli, ndio unaoivuta. Tulilisoma jibu hilo mara kadhaa kwa mshangao.

Baadaye aliongoza idara Chicago, kisha Chuo Kikuu cha Rutgers hadi mwaka 1986.

Sumu ya kipindupindu huufanya utumbo umwage maji, lakini mlango ule wa glukosi na sodiamu haiuharibu. Ndiyo maana sukari na chumvi zikinywewa pamoja huyavuta maji kurudi mwilini. Mwaka 1971, Daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha mchanganyiko huo wakimbizi wa Bangladesh waliokuwa Bongaon, India, na vifo vikashuka kutoka takribani asilimia 30 hadi chini ya 4. Kwetu, huo ndio uzito wa utafiti wa maabara.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja. Tunaomba utusaidie kupata hadubini, ili tuvione vile vijinyama mithili ya vidole vilivyo kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, ambavyo mpaka leo tunavichora ubaoni tu.

Tunaomba kuwasilisha.